Siku Arobaini za Kunegunda Bila Kibali

Kijiwe chetu kiko Ruhuwiko, ubavuni mwa kibanda changu cha ushonaji: benchi la mbao na birika la Swalehe, Myao wa Tunduru anayetuuzia kahawa. Jumamosi ile tulikuwa na Osmund, ambaye tunamwita Kifungu kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, na tangu hapo kila neno lake lina kifungu cha sheria. Nassoro, fundi madishi, tunamwita Satelaiti. Akaja Gaspari na simu mkononi. Mtoto wa kaka yake, Kunegunda, ni muuguzi Kanada, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliomba ukaazi wa kudumu, na kibali chake cha kazi kikaisha kabla jibu halijatoka.

Gaspari: Kibali kimetoka jana.

Kifungu: Cha ukaazi?

Gaspari: Hapana, cha kazi. Kinamshikiza wakati anasubiri ukaazi. Siku arobaini kakaa bila kugusa kazi.

Satelaiti: Kwani hakuomba mapema?

Gaspari: Aliomba. Fomu ikarudishwa, alisahau kusaini ukurasa mmoja. Kabla hajatuma nyingine, tarehe ikapita.

Kifungu: Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wale siku ya tatu ilikuwa bado.

Swalehe: Mwaka wa nne huu, Kifungu.

Kifungu: Za kwao ni ndefu. Tena kuna kifungu, ukimaliza siku arobaini hujafukuzwa, umeshakuwa raia. Kama kuku aliyehamia kwa jirani.

Satelaiti: Wapi. Kule wanakuangalia kutoka juu. Ukikunja shuka tu bila kibali, taa inawaka ofisini. Nimefunga madishi miaka kumi na tano, najua kinachopita huko angani.

Gaspari: Hakuna taa. Msimamizi wake mwenyewe alimwambia, njoo uvae sare, nani atajua. Kunegunda akakataa.

Mimi nikasimamisha cherehani.

— Alikataa kwa nini, na anataka kula?

Gaspari: Alisema, "Baba mdogo, nimeandika kwa mkono wangu kwamba nitafuata sheria yao. Nikianza kwa kuwaibia, huo ukaazi nitauishi vipi?" Akawa anakula ugali na maharage kwa akiba yake. Sasa pale kuna bibi wa miaka tisini na moja, alizoea kulishwa na yeye. Alipoona haji, akafunga mdomo. Siku mbili hali.

Swalehe: Masikini.

Gaspari: Kunegunda akapata habari. Akaenda kwa miguu kwenye theluji, akaandika jina kwenye daftari la wageni, akaingia kama mgeni. Akavuta kiti. Hakushika kijiko. Alimpigia bibi hadithi za shamba letu la mahindi, muuguzi mwingine akawa anamlisha. Bibi akala. Basi kila siku ikawa hivyo.

Satelaiti: Kusimulia nako kazi ile. Wangemnasa.

Gaspari: Siku moja, muuguzi yule katoka kidogo, bibi akateleza kwenye mto wa kitanda, shingo ikapinda. Kumwinua ni kitu cha mara moja, kafanya mara elfu. Akabonyeza kengele, akangoja. Dakika nne. Aliniambia, "Mikono yangu niliikalia, baba mdogo, ili isinyanyuke yenyewe." Alikuwa analia wakati ananisimulia.

 

Swalehe: Na bibi?

Gaspari: Mzima. Jana Kunegunda kaingia na sare, bibi kamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Swalehe alicheka, akamwongezea Gaspari kahawa bila kuombwa.

Kifungu: Yule mtoto katutoa kimasomaso. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kivulini, au hulia kwa uchungu? nikamuuliza.

Kifungu: Kule jua lenyewe halipo. Vyote sawa.

Hapo akafika Getruda, mama yake Kunegunda, na kitambaa cha kushona nguo ya misa ya shukrani. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Kaeni.

Gaspari akampisha kwenye benchi. Tukampa hongera, kila mtu kwa zamu, kwamba amelea. Alizipokea huku akikunja kitambaa magotini. Nikachukua futi nimpime, lakini alikuwa anamtazama Kifungu.

— Osmund, wewe umekaa mahakamani. Hicho cha jana nimekielewa, ni cha kufanyia kazi. Huo mwingine anaousubiri, wa kudumu. Nasali rozari kila siku aupate. Akishaupata, ndiyo anarudi, au ndiyo harudi tena?

Kifungu alimtazama Gaspari. Gaspari akaitazama simu yake. Swalehe aliinamisha birika juu ya kikombe cha mama, yakatoka machicha ya kahawa tu.