Miaka Ishirini na Miwili ya Kukosea Wimbo

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Ernestine Nsimire atavua glavu zake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili katika chumba cha kufungia vidonda cha kituo chetu cha afya hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Alifika kutoka Bukavu, Kongo, akiwa na cheti cha uuguzi alichokikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi, Guy, nimefanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu, kwa maneno ya wenzangu, ndimi niliyemsumbua kwa maswali kuliko wote.

Swali la kwanza lilihusu kumbukumbu yake. Kwenye benchi la kusubiri, Mama Ernestine huwafundisha watoto wimbo alioutunga mwenyewe, wa mbuzi anayekwenda sokoni Dowa: ananunua chumvi, halafu sabuni, halafu sukari, kisha anarudi nyumbani kwa kabaza, amekaa nyuma ya baiskeli kama bosi. Hapo nje anauimba bila kasoro. Lakini akishaingia ndani na kuanza kulainisha bandeji, wimbo unamharibikia. Mbuzi ananunua suruali. Mbuzi anaanza na sukari. Mtoto aliyelala mezani anakasirika na kupaza sauti, "Apana, mama! Chumvi njo ya kwanza!" Wakiwa bado wanabishana, bandeji ya jana imeshatoka.

Nilidhani umri umeanza kumchezea. Siku moja, kwa nia njema kabisa, nikamkosoa mbele ya mtoto. Alinitazama juu ya miwani.

"Guy, na we uko na kidonda? Onyesha."

Mtoto alicheka, muuguzi mwenzetu Nibigira alicheka, nami nikaenda kupanga pamba ambayo ilikuwa imeshapangwa. Mwanamke anayeongoza kwaya ya watu arobaini bila karatasi hawezi kusahau mbuzi amenunua nini. Ningepaswa kujua.

Tangu hapo nikawa mpelelezi. Tuna karatasi yenye sura sita, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, ambayo mtoto huinyooshea kidole kutuambia anaumwa kiasi gani. Dawa ya maumivu ilitolewa kwanza kila mara. Katika hilo Mama Ernestine hana mzaha. Alipoimba sawasawa, watoto wengi walionyesha sura ya tatu au ya nne. Alipokosea, wengi walishuka sura moja. Je, ni sikio linalopewa kazi? Ni hasira? Au ni ile raha ya kumkamata mkubwa na kosa? Sijapata jibu hadi leo, na bado nalitafuta.

Mwaka 2016 alipelekwa Lilongwe kwa mafunzo ya wiki tatu, na huko ndiko alikosikia kwamba kuna watu wanaosomea tiba ya muziki chuoni. Alirudi amefurahi sana, lakini ana lalamiko: watoto wa mitaa ya huko, Chinsapo na Area 25, walimcheka hata kabla hajakosea, maana Kichewa chake kilikuwa kimeshakosea chenyewe.

Ni mara moja tu niliona njia yake inashindwa. Mwaka 2022 aliletwa Gabriella, mtoto wa miaka sita, wa familia iliyotoka Fizi. Alikuwa amemwagikiwa na maji ya moto ya nsima, ugali wa huku, kwenye kiwiko cha kulia. Daktari alisema wazi: mkono usiponyooshwa kila siku, ngozi itapona ikiwa imeukunja, na hautafunguka tena bila upasuaji. Gabriella aliubana kifuani. Mama Ernestine akaimba. Mbuzi akanunua suruali, akanunua hata kitanda. Mtoto alitazama dari, akauma mdomo, machozi yakamtoka kimya kimya. Siku nne hivyo hivyo, sura ya sita kila siku. Siku ya nne Mama Ernestine alitoka nje akakaa kwenye benchi, nami niliogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona amekosa la kufanya.

Kisha akamuuliza mama wa mtoto, Madeleine, kama binti yake anaujua wimbo.

"Anauyua wote," alijibu Madeleine. "Ila nilimufundisha asikosoe bakubwa. Mukubwa akikosa, ye ananyamaza."

Kumbe tulikuwa tunamwomba mtoto mwenye adabu afanye utovu wa adabu! Mama Ernestine alimwomba Madeleine ruhusa rasmi, na kesho yake Madeleine akapiga magoti kando ya meza. "Gabi, humu ndani, mama Ernestine akikosa, umuambie. Sitakukasirikia."

Mbuzi akaanza na sukari. Gabriella akamtazama mama yake. Mbuzi akaanza na sukari tena. "Chumvi," ilinong'ona sauti ndogo. Mbuzi hakusikia. "Chumvi!" Kufikia mwisho wa wiki tulimsikia hadi chumba cha dawa, na kiwiko kilikuwa kinafunguka kidogo kidogo, kila ubishi na hatua yake.

Ilichukua miezi mitatu. Siku ya bandeji ya mwisho, Gabriella alinyoosha mkono wote juu ya meza, akasubiri kwa hamu. Mama Ernestine akaimba: chumvi, sabuni, sukari, kabaza. Mtoto alisubiri kosa hadi neno la mwisho, halikuja. Akageuka kumtazama.

"Mama, nimepona?"

Asante, Mama Ernestine. Jumatatu chumba hicho kitakuwa changu, nami naogopa, nasema kweli. Pumzisha magoti yako, furahia wajukuu wako, na siku zako zote zilizobaki ziwe za kuimba sawasawa.