Simu Haijalia Tangu Novemba

Mama yetu mzazi, shemeji yangu, wapwa zangu, majirani, wafanyakazi wenzake wa bohari ya dawa, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ya Alhamisi mkaja kukaa nasi, mimi ni mdogo wa kiume wa marehemu, fundi wa kushona makochi, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani, shuleni na kazini tulimwita Mbona, kwa sababu tangu alipojua kusema neno hilo halikumtoka mdomoni. Kabla sijaanza naomba mniwie radhi kwa jambo moja, hapo mezani karibu na picha yake kuna simu ndogo ya kubonyeza, imewashwa na imejaa chaji, hakuna aliyeisahau pale, ni agizo lake mwenyewe kwamba isizimwe mpaka mazishi yaishe, na sababu yake mtaisikia tukifika huko.

Historia hii sikuiandika peke yangu, kwani dada aliniachia maneno yake na onyo kwamba nisithubutu kuwasomea watu kitu ambacho wenyewe hawajakikagua, kwa hiyo tangu juzi nimezunguka na karatasi na penseli kwa mama, kwa shemeji na kwa mtunza stoo wa bohari, kila mmoja amefuta na kuongeza alivyotaka, na sasa zilizobaki zangu ni koma tu.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 12 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba aliyekuwa fundi bomba na mama aliyekuwa mpishi wa shule, na ingawa cheti chake kinasema tarehe 14, mama jana alinipokonya penseli akaandika 12, akasema yule karani hakuwepo chumbani, yeye alikuwepo. Alianza darasa la kwanza Januari 1975 katika shule ya msingi ya ng'ambo ya reli, ambako mwalimu wa hesabu alimkalisha dawati la mbele ili asichoke kumjibu kwa kupaza sauti, akahitimu mwaka 1981, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1982 hadi 1985, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 1986 na 1987, na mwaka 1991 akatunukiwa stashahada ya ugavi katika chuo cha biashara.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi ya mizigo katika bohari ya dawa, lile jengo refu la mabati lenye milango mitatu ya kupakulia, linalohudumia zahanati arobaini na mbili, na mwaka 1994 hadi 1997 akapewa ruhusa ya kusoma chuo kikuu, akarudi na shahada ya mifumo ya taarifa za biashara. Baba alipomuuliza hiyo ni kitu gani, dada alimwambia ni kama mabomba yako tu, baba, ila kinachopita humo ni habari, nani ana nini, kiko wapi, na nani anakihitaji, na baba akasema ameelewa vizuri sana, akauliza papo hapo inavujia wapi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa jiografia, ambaye ameomba iandikwe kwamba siku waliyokutana aliulizwa maswali kumi na tisa, akaweza kumi na moja, na bado akachaguliwa. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 2000 ambaye sasa ni muuguzi, mtoto wa kiume wa mwaka 2003 anayesomea umeme, na kitinda mimba wetu wa mwaka 2008 aliye kidato cha tatu, ambaye naye, jamani, anauliza mbona.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo dada aliandika kwa mkono wake kwamba nisiliruke wala nisilipake sukari. Mwaka 2001 wakuu wa bohari waliamua kuachana na makaratasi, wakaita wataalamu kutoka nje, wataalamu wale wakakaa miezi minne katika chumba cha mikutano wakiwauliza wakuu wanataka nini, wakaandika kitabu cha kurasa mia tatu na kumi na mbili, kila ukurasa ukatiwa sahihi, ya dada yangu ikiwemo, kisha wakaenda zao kwa miezi ishirini, na Jumatatu tarehe 4 Agosti 2003 wakaleta mfumo wa kompyuta uliokamilika, mzuri wa kutazama, uliojengwa sawasawa na kitabu kilivyosema. Tatizo, ndugu zangu, ni kwamba katika miezi minne ile hakuna hata mmoja aliyeshuka zile ngazi kumi na nne kwenda kumuuliza mtunza stoo, na kitabu kilijua katoni nzima tu, hakikujua kwamba zahanati ndogo huomba chupa kumi na mbili, kwamba kila asubuhi kuna katoni zinazofunguliwa, na katoni iliyofunguliwa haikuwa na pa kuandikwa katika mfumo ule.

Mtunza stoo yuko hapa, mstari wa pili, shati la bluu, na ameniruhusu nilisome hili, kwamba alifanya ambacho mtu yeyote mwenye foleni ya magari mlangoni angefanya, akaweka daftari jeusi chini ya kaunta akawa anaandika humo ukweli, na kila Ijumaa akaiandikia kompyuta namba inazozipenda, kazi aliyoiita kuilisha. Kwa miezi kumi na mitatu wakuu kule juu waliona rafu zimejaa, mpaka Septemba 2004 zahanati moja ya mbali ilipoahidiwa dawa ya degedege ikapelekewa gari tupu, ikakaa siku tisa bila dawa hiyo, na lau zahanati jirani isingewagawia ya kwao, leo tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Hakufa mtoto hata mmoja, Mungu ni mwema, lakini dada alizitaja siku zile tisa mpaka mwisho wa maisha yake.

Daftari likafumwa, barua ya kumfukuza mtunza stoo ikachapwa, na hapo ndipo Mbona aliposimama kikaoni akawaambia kwamba mficha uchi hazai, yule bwana alikosea kuficha, lakini ukurasa wa themanini na nane, ambao ndio ulipaswa kuitaja katoni iliyofunguliwa, una sahihi yake yeye Mbona, kwa hiyo barua zichapwe mbili, na tena akauliza, mbona mnamfukuza mwandishi wa daftari na hakuna aliyelisoma. Wakalisoma, na barua ikachanwa.

Baada ya hapo alikaa siku kumi na moja juu ya kreti lililopinduliwa kando ya mtunza stoo, akitazama tu bila kusema, jambo ambalo sisi tuliokua naye hatukuliamini tulipoambiwa. Akawa anachora kila ukurasa wa kompyuta kwenye mfuniko wa katoni, anampa mtunza stoo abonyeze kwa kidole kana kwamba unawaka, yule akisema hiki hakifai dada anachana bila kununa, anachora tena, wakikubaliana ndipo anajenga kipande kile kidogo, anakishusha chini baada ya wiki mbili, wanakijaribu na mzigo wenyewe, wanakirekebisha, ndipo waende kingine. Wasomi wenzake walimcheka kwamba anajenga nyumba chumba kimoja kimoja bila ramani, lakini mimi fundi nilimwelewa, maana kochi halimaliziwi kabla mwenyewe hajalikalia, na tarehe 17 Februari 2006 daftari jeusi lilifungwa, mstari wake wa mwisho ukiandikwa na mtunza stoo kwa wino mwekundu.

Ila dada naye alikosea, na ameniagiza niliseme. Katika kuharakisha vipande vile hakuandika popote kwa nini kila kimoja kimekaa kilivyokaa, sababu zote zilibaki katika kichwa kimoja, na bohari ikampa simu hii mnayoiona, iwe ya kumuulizia tu, ikalia miaka kumi na mitano. Ililia kwenye harusi za watu, ililia akiwa leba na kitinda mimba, shemeji akaibatiza jina la mume mwenza, na tarehe 23 Aprili 2011, siku tuliyomzika baba, ililia tukiwa makaburini, chanjo zilikuwa zinakwama mlangoni, dada akasogea pembeni akaongea dakika arobaini, aliporudi udongo ulikuwa umeshapigwa koleo la mwisho. Mimi nilimwambia mbele za watu maneno ambayo sitayarudia, nikanuna miezi minane sikanyagi kwake, na kama mnadhani nasoma haya kwa raha mmekosea, lakini alikuja mwenyewe dukani kwangu tarehe 26 Desemba, akakaa kwenye kochi ambalo halijakauka gundi, akanasa, tukacheka, na yaliyopita si ndwele.

Tarehe 8 Februari 2021 madaktari walimgundua saratani ya titi iliyokwisha kufika kwenye mifupa, akauliza ana muda gani, daktari akamwambia miaka miwili tukijaliwa, na dada, badala ya kulia, maana alilia baadaye na tulilia naye, aliomba kalenda. Alituambia kifo hakimtishi kama kulala kaburini huku zahanati arobaini na mbili zinampigia mtu asiyeweza kupokea, na zikose dawa tena kwa sababu yake, siku tisa nyingine, na safari hii pengine pasiwe na jirani wa kugawa. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, si maumivu.

Akaanza likizo za ajabu ambazo hakupumzika hata kidogo, alikuwa anajaribu kutokuwepo. Tarehe 5 Machi 2021 alikaa nyumbani siku moja na simu hii magotini, ikalia mara thelathini na moja, hakupokea hata moja, na kesho yake akaenda bohari akawauliza mmoja mmoja jana mlitaka nini, kwa kila jibu akaandika ukurasa mmoja kwa maneno ya kawaida, na ukurasa haukuhesabiwa umekamilika mpaka mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ile aufuate akaweza. Mwezi uliofuata akakosekana siku tatu, simu ikalia mara kumi na tisa, Septemba wiki nzima, mara tisa, Mei 2022 mwezi mzima, mara mbili, na mojawapo alikuwa dereva anamjulia hali, na huyo naye akamkemea kwamba amemharibia hesabu. Novemba 2022 ikapita yote, tarehe moja hadi thelathini, simu kimya, akaingiwa na wasiwasi kwamba imekufa, akaniamuru nimpigie nikiwa nimekaa naye chumba kimoja, ikalia, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na sikuwa nimemwona akicheka vile tangu baba alipokuwa hai.

Alistaafu rasmi tarehe 31 Machi 2023, na tangu alazwe tarehe 20 Mei kila jioni alinitazama tu, sauti ilikuwa imepungua, nami nilijua anachouliza, nikamjibu hawajapiga, dada, naye anafumba macho na kulala. Alifariki Jumanne tarehe 13 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, dirisha likiwa wazi, mama, mumewe, binti yake mkubwa nami tukiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano na miezi mitatu, na sitawadanganya, pamoja na uchungu wote, uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

Mimi ndiye niliyewapigia bohari, kwa simu hiyo hiyo, na mtunza stoo alipopokea alilia kwa sauti, akalia, kisha akaniomba samahani kwamba inabidi akate, kuna lori la chanjo limefika mlangoni na lazima lipakuliwe. Tangu juzi amekuwa akiniomba msamaha kwa hilo, na leo namjibu mbele yenu, kaka, hakuna rambirambi tuliyopokea inayoishinda hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne waliomjibu maswali yake yote bila kuchoka, au waliochoka wakaficha, majirani mliotuletea viti, maji na mabega yenu, walimu wenzake shemeji mliomshikia vipindi, na wafanyakazi wa bohari, si kwa kuja tu, bali kwa kujifunza kuishi bila yeye angali hai ili aone kwa macho yake. Marehemu ameacha mama, mume, watoto watatu, wadogo watatu, na kurasa mia mbili na sita.

Dada, ni saa tano na robo, ni Alhamisi, siku ambayo mizigo ya zahanati zote arobaini na mbili inatoka, mtunza stoo amekaa hapa mbele yangu na mkuu wake kando yake, bohari wamewaachia wengine, na simu yako iko mezani imewashwa. Hawajapiga, dada. Pumzika kwa amani.