Kengele Anashuka Kwenye Behewa la Baiskeli

Baada ya miaka thelathini na minne katika behewa la mizigo, mwenzetu tunayemwita Kengele anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alibandikwa na madereva. Kila treni ya masafa marefu ilipokata kona, kengele za baiskeli alizozibeba zililia, naye akaitikia "Naam!" kana kwamba ameitwa.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba, sare ikimpwaya mabegani. Safari ilichukua siku mbili na stesheni ishirini na saba. Alipokea mizigo, akaifunga lebo na kuishusha panapohusika. Baiskeli zililazwa tu juu ya magunia, na nyingi zilifika zimepinda usukani.

Mwaka wake wa tatu, yakamfika. Alisoma lebo vibaya, akashusha baiskeli ya abiria mmoja stesheni tatu kabla ya mwisho wa safari. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnoa visu. Nyuma ya siti alikuwa amefunga jiwe la kunolea lililozungushwa kwa pedali, na jiwe hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yake. Alipofika, akasimama mbele ya behewa tupu na kuuliza, "Sasa kesho nitanoa kwa meno?"

Treni nyingine ya kufika huko mwisho wa safari ilikuwa ya wiki inayofuata. Basi wakati wa kurudi Kengele akashuka pale alipoiacha baiskeli, akampigia simu mkuu wake wa kazi kuomba likizo. Mkuu alidhani anatania. Kengele akapanda baiskeli, jiwe likiwa nyuma yake, akafuata njia ya udongo kandokando ya reli, siku tatu hadi kwa mwenyewe.

Siku hizo tatu ametusimulia mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Uwanda ulikuwa mpana kiasi kwamba alikanyaga pedali asubuhi nzima na kilima cha mbele hakikusogea. Mchana alilala kwenye kivuli cha tangi la maji, akaamka asijue kama ni yeye anayeyumba au ni dunia. Ardhi aliyoipita mara nyingi akiwa ndani ya behewa, sasa aliisikia harufu yake, na ndege wakamtangulia kutoka nguzo hadi nguzo.

Mnoa visu aliikagua baiskeli gurudumu kwa gurudumu. Kisha akasema, "Umechelewa, ila umeitunza. Kaa unywe chai." Leo mnoa visu huyo ndiye shemeji yetu. Kengele hukiri kwamba alikosea lebo. Shemeji husema lebo ilikuwa sahihi kabisa.

Aliporejea kazini alipewa karipio la maandishi, nalo alistahili. Akajibu kwa barua ya kurasa tatu yenye michoro, akiomba kulabu za kuning'iniza baiskeli. Barua ilizunguka ofisi mwaka mzima. Mwishowe karakana ikamtengenezea kulabu kumi na mbili, na tangu hapo hakuna baiskeli hata moja iliyopotea mikononi mwake. Kulabu ya mwisho, ile iliyo karibu na mlango, ilikuwa ya baiskeli yake mwenyewe. Treni ilipopumzika huko mwisho wa safari, yeye alikwenda kutembea nayo.

Sisi tuliopita humo alasiri tunajua alichokipenda. Mwanga uliingia kwa vipande kati ya mbao, na magurudumu yote yakazunguka polepole yenyewe, kama yanaota barabara. Kengele alikaa juu ya kreti akiyatazama. Hata mkaguzi wa tiketi, ambaye hajui kunong'ona, alinong'ona.

Tarehe mosi Julai atapanda treni hiyohiyo kama abiria, na shemeji pembeni, na baiskeli zao mbili. Watashuka kwenye kituo kidogo cha kumi na tisa, ambako treni husimama dakika mbili tu. Nyuma ya jengo pale kuna njia ya mchanga ambayo ameiona miaka yote hiyo ikipotelea majanini, na hajawahi kujua inakwenda wapi.

Kengele, ahsante kwa utumishi wako. Tunakuombea afya, siku njema, na upepo wa kukusukuma mgongoni. Nendeni polepole. Safari hii hakuna filimbi ya kukuita urudi ndani.