Nilisema Nipandishie Gari

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, upande ambao jua huchelewa kufika. Wanaokaa hapo asubuhi wanajulikana. Mwenye karakana tunamwita Cheche. Dereva wa malori aliyestaafu tunamwita Kona, kwa sababu hajawahi kusimulia safari ikanyooka. Wa tatu alikuwa karani wa shule miaka thelathini, na haachi neno lipite bila kulisahihisha. Huyo ni Kamusi. Mimi nasambaza mikate kwa vani, basi jina langu ni Mkate. Kahawa anatuletea mama mmoja mwenye birika kubwa, ambaye hutusikiliza sana na kutuamini kidogo.

Mke wangu ana miezi mitano tangu Mungu amchukue. Amelala juu ya kilima, nyuma ya kanisa dogo, karibu na baba yake. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na gari langu likanasa kwenye tope katikati ya kilima. Wanaume wakalibeba jeneza mabegani. Mama mkwe wangu, ambaye magoti hayamchukui, alibaki kwenye kiti cha mbele, kioo kimeshushwa. Wimbo wa kumzika mwanawe aliusikia kwa mbali. Maneno hayakumfikia.

Hakunilaumu hata siku moja. Ila kila akipiga simu aliuliza, “Njia imekauka?” Nami nikamjibu, “Bado, Mama. Ngoja nitengeneze gari kwanza.” Wiki hii akachoka kungoja, akaja mwenyewe kwangu. Wiki ijayo mvua zinarudi.

Mwezi uliopita nilikuwa nimemwachia Cheche funguo, nikamwambia maneno matatu tu: “Nipandishie gari hili.” Jumamosi, baada ya sala ya asubuhi, nikaenda kulichukua. Wenzangu walikuwa wamekwisha kaa, vikombe mkononi.

— Mkate, fumba macho, — Cheche akasema, ameshika ncha ya turubai. — Haya, fumbua!

Nikafumbua. Gari langu lilikuwa limesimama kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Sakafu ya mlango ilinifika kifuani.

— Cheche, hiki ni nini?

— Kazi hiyo, kaka! Nimeweka vyuma kwenye springi, nikatafuta matairi mapana. Jana paka amepita chini yake mkia juu, hakugusa kitu.

— Na magurudumu ya mbele sasa yanavuta?

— Yavute nini?

— Gari. Yote manne yavute pamoja. Lipande kilima.

Cheche akayatazama magurudumu ya mbele kama ndiyo kwanza anatambulishwa kwao.

— Ya mbele ni ya kukatia kona tu, kaka. Kuvuta ni kazi ya yale ya nyuma, kama siku zote. Ulisema nikupandishie gari. Nimelipandisha. Kilima hukukitaja.

Kamusi akaweka kikombe chini. Tulijua kinachokuja.

— Kosa liko kwenye kitenzi, — akasema. — Pandisha ni kufanya kitu kipande. Kipande wapi? Hapo mlitakiwa muulizane. Bei hupandishwa, bendera hupandishwa, na bibi yangu alikuwa akipandisha mashetani. Huwezi kumwachia fundi kitenzi kitupu ukaenda zako.

— Sasa mbona hukusema mwezi uliopita? Ulikuwa umekaa hapo hapo, — Kona akamwambia.

— Sikuulizwa.

Nikakaa. Mama wa kahawa akanimiminia.

— Cheche, ndugu yangu, — nikasema, — kulifanya livute kwa manne kunataka nini?

— Kunataka difu ya mbele, ekseli yake, propela ya pili, na gia boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Kuvitafuta mwezi. Kuvifunga mwezi mwingine.

— Nina siku chache tu.

— Siku chache zinatosha kabisa, — Kona akadakia. — Panda kwa rivasi. Gia ya rivasi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mimi nimepanda mlima mmoja kinyumenyume na tani saba za saruji. Watu wa pale mpaka leo wanajua nilikuwa nateremka.

— Uongo huo, — Cheche akasema. — Gari la kusukumwa na nyuma ukilipandisha kinyumenyume, uzito wote unalala mbele. Ya nyuma yanabaki mepesi, yanazunguka bure.

— Basi kosa ni uzito, — Kamusi akasema. — Mkate ni kitu chepesi, hauna hoja. Pakia mawe nyuma.

— Mama mkwe nimkalishe juu ya mawe?

— Weka mto.

— Mto! Huyu ni mkwe wake, — mama wa kahawa akasema. — Hivi wewe ulioaje?

Tukacheka. Cheche hakucheka, alikuwa ameshaanza kuchora mavumbini kwa kipande cha waya.

— Sikilizeni. Ndani nina injini ya mashine ya kusaga. Naifunga mbele, inavuta magurudumu ya mbele. Hii yake inasukuma ya nyuma. Injini mbili, usukani mmoja, dereva mmoja wa huku na mmoja wa huko.

— Mmoja akitaka kusimama na mwingine anakwenda? — nikauliza.

— Tafuta mtu na shemeji yake. Heshima tu itawaendesha.

— Mimi na shemeji yangu tungefika mahakamani, — Kona akasema. — Tumia kamba. Unafunga kamba kwenye mti wa juu, ncha ya pili unaizungusha kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka linakula kamba, gari linajivuta lenyewe. Kama buibui.

— Na miti ikiisha?

— Unaendelea na nguzo za umeme.

Kamusi akavua miwani, akaifuta kwa shati taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kusoma matokeo ya mtihani.

— Nyote mnahangaika na gari. Gari halina tatizo. Tatizo ni kilima. Tuandike barua ofisini, kwa heshima na taadhima, tuombe kilima kishushwe. Nitaiandika mimi. Nakala kwa kanisa.

Hapo nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia gotini. Tulikuwa bado tunapangusana tulipomwona mama mkwe wangu akija. Alikuwa peke yake, fimbo mkono huu, pochi mkono ule. Nikasimama upesi.

— Mama! Si nilisema nitakufuata nyumbani?

— Ulisema, mwanangu. Nikaona unachelewa.

— Shikamoo, Mama, — wakasema wote watatu, kwa sauti zilizosinyaa ghafla.

— Marahaba. Hamjambo, wanangu. Msisimame, kaeni. Nimekuja kwa miguu, lakini polepole. Nimepumzika mara tatu: kwa fundi cherehani, kwenye ngazi za duka la dawa, na kwenye ukuta wa shule. Hilo ndilo gari?

— Ndilo, Mama.

Akalitazama kutoka chini hadi juu.

— Limerefuka.

— Ni kwa ajili yako, Mama, — Cheche akasema. — Lisinase tena.

— Ahsante, baba. Sasa mimi nitapandaje?

Kona akasema iko ngazi. Cheche akasema ana mnyororo wa kuinulia injini, ni imara sana, ungefungwa kiti. Kamusi akasema tungeweza kumwinua sisi wenyewe, wawili huku na wawili huku.

— Mimi si gunia, jamani, — akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona meno yake.

Akaketi kati ya Kona na Kamusi. Mama wa kahawa akainamisha birika, akajaza nusu kikombe, akampa. Akanywa taratibu. Sisi tukangoja kama watoto waliovunja kitu.

— Siku ile, — akasema, — gari lilinasa pale penye bomba la maji. Pale napakumbuka vizuri, nilipatazama mchana kutwa. Kutoka pale bombani hadi alipolala mwanangu, ni mbali kiasi gani?



Nikamtazama Kona, ambaye hukutajia maili za barabara yoyote hata usipomwuliza. Akashusha macho.

— Mimi nilishika nyuma, Mama, upande wa kulia, — akasema. — Nilikuwa natazama visigino vya Cheche. Sikuona njia.

— Mimi nilitazama tope, — Cheche akasema. — Niliogopa kuteleza naye.

— Mimi nilikuwa naimba, — Kamusi akasema.

Mama mkwe akanigeukia. Hakuwa na haraka.

— Na wewe, mwanangu? Wewe umekwenda mara nyingi. Ni mbali?

Ningeweza kutaja hesabu yoyote, na angeniamini. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye sala saa ile ile, na mwenye kuuliza alikuwa mama wa mke wangu.

— Sijui, Mama, — nikamwambia. — Sijarudi tangu siku ile. Kila jioni nilijiambia nasubiri gari.

Cheche akaacha kuchezea waya.

— Miezi mitano, — mama mkwe akasema.

— Miezi mitano, Mama.

Nilingoja aseme jambo zito, kwa maana alikuwa na haki nalo. Akaweka kikombe pembeni, akanishika mkono juu ya kifundo, pale daktari anaposhika kusikiliza mapigo.

— Kumbe sote wawili hatujafika, — akasema. — Basi usisumbuke na haya ya kuvuta mbele na nyuma. Tutalipeleka gari mpaka litakapokataa. Likikataa tutashuka. Hatua zilizobaki nitazihesabu mimi, nawe utanishika. Nikichoka tutakaa. Siku bado ni ndefu.

Kisha akamwambia Cheche:

— Baba, nishushie gari.

Kamusi akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusahihisha neno. Akaiachia. Cheche akaingia ndani, tukasikia vyuma vikigongana, akatoka na jeki mbili, moja akampa Kona.