Bi Waride, Aliyemfikisha Mama Mohoro

Tarehe 30 Juni, Bi Waride Mfaume anavua sare yake baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi na miwili ya mwisho akiwa nasi hapa kituoni Kibiti.

Wengi mnamjua kwa sauti inayofika mpaka getini. Wanawake wanamjua kwa darasa la Alhamisi, la wale ambao haja ndogo huwabana ghafla na haingoji mlango. Akishapima mkojo na kuona hakuna maambukizi wala sukari, hakimbilii vidonge. Huwapunguzia chai ya rangi, hukataza kujinyima maji, hufundisha kuchelewesha kwenda chooni kidogo kidogo, na kukaza misuli ya chini kisha kuilegeza.

Mwanzoni darasa lilikuwa tupu. Nani aseme aibu hiyo mbele za watu? Bi Waride akamwendea Bi Mwantumu, kungwi wa Ikwiriri. Kungwi akacheka mpaka akashika mbavu: zoezi lenyewe ndilo analowafundisha maharusi miaka yote! Wakafundisha pamoja, na kila mwanamke akaambiwa afanye zoezi lake akiwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nani angejua kwamba anajitibu? Viti vikawa havitoshi.

Mama yangu, Bi Maimuna, alikuwa ameacha safari, hata tarawehe, kwa kuihofia haja hiyo. Nilipochumbiwa na Abbasi wangu (jamani, Abbasi!), nikaha ikapangwa kwa babu, Mohoro. Mama akasema niende tu, yeye ataniombea dua hapahapa nyumbani. Nililia kwa Bi Waride. Naye akamjibu mama, “Dua hiyo utaiombea Mohoro, somo.” Miezi ile nazi zilikunwa kwetu mpaka baba akaomba ugali mkavu.

Siku ikafika, tukapanda gari pamoja na Bi Waride. Njiani, tulipokaribia Chumbi, haja ikambana mama. Bi Waride hakumsimamisha dereva. Alimshika mama mkono tu. Mama akatulia, akakaza, akavuta pumzi, ikapita. Chumbi tukaiacha nyuma kwa vigelegele, dereva akidhani tunamshangilia yeye.

Katika picha ya nikaha Abbasi anang'aa kama mwezi, wallahi. Lakini jicho langu huenda kwanza kwa mama, nyuma yangu, ameketi kwa raha, anacheka.

Bi Waride, ahsante kwa mama zetu wote. Nenda ukapumzike kwenu Dimani, na Mungu akujaalie maisha matamu kama tui la kwanza.

Rukaiya, Mapokezi