Baba Josephina Anarudi Nyumbani Mzima

Utumishi wa miaka ishirini na tisa, tangu 1971, unafika mwisho leo tarehe 31 Oktoba 2000. Bwana Cuthbert Nankuta, Baba Josephina, anastaafu, na ashukuriwe Mungu, anastaafu mzima. Wengine tumeshusha pumzi.

Alianzia benki Masasi, pale dirishani, akapanda hadi kuwa meneja wa tawi Newala. Mzee akitoka Mnyambe na vumbi lake, meneja alitangulia kumwamkia shikamoo, hata kama ombi lake atalikataa. Chai hainywi bila muhogo wa kuchemsha. Nimempikia mimi, benki na baadaye halmashauri, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Mwaka 1995, vyama vimekuwa vingi na wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa kila njia, akaacha benki akagombee udiwani. Usingizi uliniruka. Nikasema, siasa zitamuua huyu.

Mkutano wake wa kwanza, mtani wake Mzee Ashraf akajilaza mbele ya jukwaa, amejifunika shuka jeupe, analia: "Jamani, Cuthbert kafa! Meneja mzima kafia kwenye kura! Leteni jembe!"

Kwetu mtani ana ruhusa hata ya kukulilia msiba ungali hai. Lakini askari mmoja, mgeni kutoka mkoa mwingine, akadhani mgombea anatishiwa kuuawa. Akamkamata mzee, akataka mkutano uvunjwe. Vijana wakaanza kuokota mawe.

Baba Josephina akashuka na suti yake, akalala palepale vumbini, akalivuta lile shuka. "Sogea, mtani! Marehemu mimi, sanda unavaa wewe?"

Watu hoi kwa kicheko. Mawe yakadondoka. Askari naye akacheka, akamwachia mzee.

Udiwani akaupata. Msimu wa korosho alisimama mwenyewe kwenye mizani Chilangala ili mkulima asipunjwe, na pampu ya maji Mnyambe ikafufuka. Safari hii hakugombea tena. Mama Josephina anasema mumewe sasa analala hadi anakoroma.

Asante, Baba Josephina, kwa moyo wako. Mzee Ashraf amelileta lile shuka, limefuliwa na kupigwa pasi, liwe zawadi yako. Tunakuombea ulitandike kitandani tu, miaka mingi, mpaka lichakae.

Bertila, Mama Mathias
Jikoni, Halmashauri