Weji ya Brightness

Kijiwe chetu cha Masieda ni gogo moja la mgrivea mbele ya kibanda cha Mpini, birika la Restituta, muuza kahawa wetu, juu ya jiko la mkaa, na ubaridi wa asubuhi unaomfanya hata asiyependa kahawa aiombe. Mpini jina lake la ubatizo ni Bonaventura, lakini kazi yake ya kuchonga mipini ya majembe na mashoka imelimeza hilo jina. Lameck tunamwita Ripoti, kwa sababu hasemi kitu ambacho hajakisoma kwenye simu, na akishakisoma hakubali kwamba simu inaweza kukosea. Margwe ni mfugaji aliyetoka upande wa Hanang na ng'ombe wake. Kwa jinsi anavyotembea, jina lake ni Kilomita. Mimi nashona nguo kibanda cha pili, wananiita Pindo, na nikisema kwamba sipendi kelele asubuhi wananiambia nihamie kanisani. Alhamisi hiyo kelele zilianzia kwenye simu ya Mpini. Aliyepiga alikuwa Brightness, mtoto wa dada yake, akiwa Arusha, na Mpini aliweka sauti ya juu tusikie wote.

Brightness: Shikamoo mjomba.

Mpini: Marahaba mama. Umeamkaje?

Brightness: Nimeamka salama, mjomba. Jumamosi ndiyo ule mchujo wa timu ya gofu ya wanawake. Tuko wengi na wanachukua wawili tu.

Mpini: Mungu yupo.

Brightness: Sasa kuna mama mmoja hapa anaacha kucheza, ameniwekea fimbo tatu mezani, nichague moja iwe yangu. Zinaitwa weji. Ni fimbo fupi za kupigia mpira ukiwa karibu na shimo, ili upande kidogo, uanguke, utulie. Mpira wa mbali mimi sina shida, mjomba. Karibu na shimo ndiko ninakofia. Nilibaki nje ya timu mwaka jana kwa ajili hiyo.

Mpini: Sasa hizo tatu zina tofauti gani?

Brightness: Zina namba. Hamsini na mbili, hamsini na sita, sitini. Namba ikiwa kubwa, uso wa chuma umelala zaidi, na mpira unakwenda juu zaidi. Nichukue ipi, mjomba? Natakiwa kujibu leo.

Mpini: Nitakujibu, mama. Nipe muda nifikiri.

Akakata simu, akatutazama. Kusema kweli alikuwa amevimba kwa fahari. Huyu msichana alikwenda Arusha kubeba mifuko ya wacheza gofu, akawa anacheza jioni wenye mifuko wakishaondoka, na leo anamuuliza mjomba wake wa Masieda habari za chuma. Nani asingevimba?

Ripoti: Hapo hakuna cha kufikiri. Sitini.

Mpini: Kwa nini sitini?

Ripoti: Mtoto akileta hamsini na mbili nyumbani, unamchinjia kuku? Akileta sitini angalau unamnunulia soda.

Kilomita: Lakini amesema ni uso wa chuma. Hakusema ni mtihani.

Ripoti: Kila chenye namba ni mtihani, Kilomita. Na mchagua jembe si mkulima!

Mpini: Wewe Lameck! Unanitukana kwenye kibanda changu? Mimi nakula kwa sababu watu wanachagua jembe.

Restituta: Tena hiyo methali inasema mtu asichague. Mbona wewe umeshachagua?

Ripoti: Mimi sijachagua. Mimi nimesoma.

Mpini alisimama, akaingia ndani, akatoka na majembe matatu. Sasa hapa mgeni lazima aelezwe. Huku kwetu shamba la mtu linaweza kusimama kama ukuta, na la jirani yake likalala bondeni. Kwa hiyo Mpini hafungi jembe mpaka akuulize unalima wapi. La mlimani analifunga limeinama kumwelekea mkulima. La bondeni analifungua kidogo. Ukimletea jembe bila kumwambia shamba lako likoje, anakurudisha nalo ukafikirie kwanza.

Mpini: Haya mambo ni yale yale. Ni chuma na mpini na pembe iliyopo katikati yake. Swali ni moja tu. Ule uwanja wa Arusha ni mlima au tambarare?

Restituta alichochea mkaa.

Kilomita: Arusha kuna mlima.

Mpini: Mlima upo, lakini wanachezea juu yake?

Kilomita: Sisi ng'ombe wetu wanakula juu ya mlima. Kwa nini wao wasicheze?

Ripoti: Simu inasema uwanja wa gofu una nyasi.

Mpini: Asante sana, Lameck. Bila wewe tungedhani una matope.

Restituta: Lakini kweli, udongo wake ukoje? Maana juzi mvua imenyesha mpaka Karatu. Chuma kikiangukia udongo laini si kinazama?

Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote ya asubuhi ile, na kama ilivyo desturi ya kijiwe, hakuna aliyelijali. Nikamwomba aniongezee kahawa kumpa pole.

Kilomita: Mimi nasema achukue iliyo fupi kuliko zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Pindo: Kilomita, hiyo methali haina maana ya urefu wa fimbo.

Kilomita: Wewe umeua nyoka wangapi, Pindo?

Sijaua hata mmoja.

Mpini: Kuna jambo lingine. Achukue ya hamsini na mbili, aniletee, niipashe moto niilaze kidogo kidogo mpaka ifike sitini. Atakuwa na zote tatu kwa kichwa kimoja. Samaki mkunje angali mbichi.

Restituta: Sasa hicho chuma ni kibichi?

Mpini: Ukikipasha moto kinakuwa kibichi.

Ripoti: Na ule mpini wa chuma?

Mpini: Nautoa! Mpini wa chuma unateleza mkononi. Namwekea wa mti mgumu, wa mloliondo. Akifika uwanjani na mloliondo, wale wengine waanze kufunga mifuko yao.

Ripoti: Mimi naongeza. Masieda iko juu, hewa yake ni nyepesi. Mtoto aliyekulia hewa nyepesi anapiga kwa nguvu bila kujua. Akipewa sitini, mpira utapanda mpaka upotelee mawinguni, na wenzake wakiwa wanautafuta yeye anasogea shimoni taratibu.

Kilomita: Ukirudi?

Ripoti: Nani?

Kilomita: Mpira. Si lazima ushuke?

Ripoti: Hilo ni la Mungu. Mimi nimeshamtumia ujumbe.

Mpini: Umetuma nini?

Ripoti alituonyesha simu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SITINI. UAMUZI WA WAZEE WOTE. Na umeshafika.

Nimekaa na Mpini miaka mingi, sijawahi kumwona akikasirika kimyakimya. Safari hii hakupaza sauti. Alimwambia Ripoti kwamba mtoto ana siku moja mwaka mzima, na siku hiyo yeye ameichezea kwa kidole. Ripoti alijaribu kucheka, akaona hakuna anayemsaidia kucheka, akaacha.

Mpini: Mpigie.

Ripoti: Haipatikani.

Mpini: Piga tena.

Ripoti: Haipatikani, Bonaventura.

Ukisikia Mpini anaitwa Bonaventura kijiweni, ujue mambo yameharibika.

Kilomita: Sikilizeni. Mimi nilimwona huyo mtoto akiwa mdogo, anachunga mbuzi wa mama yake kule bondeni. Kiongozi wa mbuzi akitaka kuingia kwenye mahindi ya watu, mtoto anarusha jiwe. Halimpigi mbuzi. Linaanguka mbele ya pua yake, linakaa pale pale. Mbuzi anageuka.

Mpini: Kwa hiyo?

Kilomita: Jiwe likienda juu sana, mbuzi halioni, amekwisha kuingia. Likienda chini linabingirika, mbuzi analiruka. Lazima lianguke na likae. Yeye alikuwa analikalisha.

Restituta: Si ndiyo alichosema kwenye simu? Upande kidogo, uanguke, utulie.

Tulitazamana. Mpini alichukua viazi mviringo vitatu kutoka kwenye ndoo ya Restituta, bila kumwomba, akaviweka chini mbele ya kibanda. Akachukua jembe la mlimani, lile lililofungwa sana, akapiga cha kwanza. Kiazi kilikwenda chini chini kama panya, kikavuka barabara, kikaingia kwa jirani. Akachukua jembe alilolifungua kuliko yote. Kiazi cha pili kilipanda, tukakitazama, kikatua juu ya bati la kibanda changu kwa kishindo, na kuku wa Restituta wakatawanyika.

Restituta: Vile viazi ni vya kuuza!

Mpini: Subiri.

Akachukua jembe la katikati. Akasimama vizuri, akavuta pumzi. Kiazi cha tatu kilinyanyuka kiasi cha goti, kikaanguka karibu na jiko, kikajiviringisha kidogo, kikatulia pembeni ya birika.

Kilomita alikiinamia, akakitazama.

Kilomita: Mbuzi amegeuka.

Ripoti: Hamsini na sita!

Mpini: Hamsini na sita. Na wewe umeshamwambia sitini. Umemwambia ni wazee wote!

Ripoti alianza kupiga simu tena, na nilimhurumia, kwa kuwa yeye naye anampenda huyo mtoto; ndiye aliyemfundisha kusoma saa. Ilikuwa haipatikani. Akasema atapanda juu ya kile kilima cha kanisa akatafute mtandao. Kilomita akasema kama ni kutembea, aende yeye. Walikuwa bado wanagombania kilima alipotokea Kornelia, mama yake Brightness, anatoka kwake na kanga mbili mabegani.

Kornelia: Shikamoo kaka.

Mpini: Marahaba. Kornelia, tumeharibu. Lameck ametuma...

Kornelia: Najua alichotuma. Alinipigia mara tu ujumbe ulipofika. Amecheka mpaka simu ikaisha chaji.

Mpini: Amechukua sitini?

Kornelia: Amechukua ya hamsini na sita.

Ripoti alikaa chini kwenye gogo na kufuta uso kwa kofia yake. Kilomita alimpiga begani, mara mbili, kama anavyopiga ng'ombe aliyevuka mto.

Mpini: Nani amemwambia?

Kornelia: Hakuambiwa na mtu. Anasema ya hamsini na mbili inakaribiana na nyingine aliyo nayo tayari kwenye mfuko, zitafanya kazi moja. Ya sitini inataka mtu aliyeizoea, na yeye ana siku mbili tu. Hii ya katikati ina tumbo nene chini, haizami kwenye udongo uliolowa. Na kule kumelowa.

Restituta: Si nilisema udongo!

Kornelia: Alishaichagua tangu jana, kaka. Leo asubuhi alikuwa ameilaza kitandani kwake.

Mpini: Jana? Sasa amenipigia asubuhi hii aniulize nini?

Kornelia alikaa kwenye gogo kati ya Ripoti na Kilomita, akapokea kikombe, akakishika bila kunywa. Aliongea taratibu, bila kumlaumu mtu, na labda ndiyo sababu maneno yake yalituingia.

Kornelia: Ngoja na mimi niwaulize. Jumamosi wenzake wanakuja na watu wao. Baba, mama, dada, wengine na watoto. Mimi namuuguza bibi yake, sitoki hata getini. Sasa Brightness atakapofika karibu na lile shimo, pale anapoogopea, nani wa kwao atakuwa amesimama pale?

Ripoti alifungua simu yake, akaitazama, akaifunga. Kilomita aliangalia barabara. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, nikashukuru kwamba nina sababu ya kutosema. Tulikuwa tumezungumza asubuhi nzima, tumepiga viazi, tumetaja mlima na hewa na nyoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona huyu mtoto akicheza. Hata picha hatuna.

Restituta aliinua birika, akalitikisa.

Restituta: Imeisha.

Hakuna aliyelalamika. Mpini alikuwa bado amesimama na jembe la katikati mkononi.

Mpini: Mtoto alikuwa ananiita, Kornelia. Ananiita, na mimi nikamwambia anipe muda nifikiri.

Kornelia: Hajakasirika, kaka.

Mpini: Najua. Ndicho kinachoniuma.

Akaliegemeza jembe ukutani. Yeye hajawahi kuvuka Karatu, anasema miji inamuumiza kichwa, na harusi tatu za Arusha ametuma salamu tu. Akamuuliza Ripoti basi la alfajiri kutoka Haydom kwenda Arusha linaondoka saa ngapi. Ripoti alimjibu bila kuangalia simu, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba, kama si usumbufu, na yeye angependa kwenda, akamwombe radhi mtoto kwa mdomo. Kilomita akasema ng'ombe wake watachungwa na mdogo wake, mtu asimwambie habari za nafasi kwenye basi, yeye atasimama njia nzima.

Kornelia alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo, akainama, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mpini: Pindo.

Pindo: Naam.

Mpini: Ile suruali yangu ya kitambaa nilikuletea kabla ya Pasaka. Imekwisha?

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa bado vipande viwili juu ya meza yangu, na nilikuwa nimepanga kumdanganya wiki nyingine tena.

Pindo: Njoo uichukue jioni.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango ili wasione, nikaanza kukanyaga cherehani.